Ramani, Jedwali na Mshono Unaovuja: Pemba Ndani ya Zana za Mtandaoni

Andika neno "Pemba" katika kisanduku cha kutafutia cha ramani ya mtandaoni, bonyeza, usubiri. Huenda ukafikishwa kisiwani, kati ya Kigomasha na Kisiwa Panza, kama ulivyokusudia. Huenda pia ukatupwa kusini zaidi ya kilomita 800, kwenye mji wa Pemba ulio makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, ambao Wareno waliuita Porto Amélia. Au ukajikuta Zambia, ambako nako kuna Pemba, mbali na bahari yoyote. Mashine haikukosea. Iliulizwa jina, ikajibu jina.

Kwa mtu anayetafuta nyumba ya wageni, hilo ni jambo la kucheka na kurudia. Kwa aliyepakia jedwali lenye mistari elfu moja ya wagonjwa, skuli au visima, akaiachia zana itafute yenyewe kila jina lilipo, halina kicheko. Nukta zake zitatawanyika nchi tatu, na zile zitakazoangukia karibu na kwao hatazijua hata kama nazo zimepotea.

Uchambuzi huu unazihusu zana za aina hiyo: zinazochukua ramani kutoka upande mmoja na takwimu kutoka upande mwingine, zikaziunganisha kwenye simu au kompyuta bila ya kumtaka mtumiaji awe mpima ardhi. Kipimo changu ni kimoja. Zinasema nini kuhusu Pemba, na mtu anayeijua Pemba kwa miguu angezikubalia wapi na kuzikatalia wapi?

Wazo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1854 daktari John Snow alichora vifo vya kipindupindu kwenye ramani ya mitaa ya London, na vifo vikaonekana kulizunguka bomba moja la maji la Broad Street. Kilichobadilika ni wepesi. Google Maps ilifunguliwa Februari 2005, na mwaka huohuo Paul Rademacher akaichomekea matangazo ya nyumba za kupanga, na Adrian Holovaty akaitia orodha ya uhalifu wa Chicago. Kwetu Afrika Mashariki jaribio lililotikisa dunia lilikuja Januari 2008, pale Wakenya walipoanzisha Ushahidi ili taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, zikiwemo zilizotumwa kwa simu za mkononi, zionekane kwenye ramani. Neno la Kiswahili likawa jina la programu inayotumiwa hadi mabara mengine.

Tangu hapo zana zimekuwa nyingi na nyingi ni za bure. Hoja yangu ni kwamba kwa Pemba ramani ipo na takwimu zipo, lakini tatizo liko mahali zinapoungana. Wazee wa mwambao walikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila ya msumari. Mbao zake zingeweza kuwa nzima kabisa, na bado maji yakaingia kwenye mshono.

Mbao zipo

Si kweli tena kwamba Pemba haina ramani. Nahodha William Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliupima mwambao huu katika miaka ya 1820. Kapteni Craster, mpimaji wa jeshi, alikuja kukipima kisiwa, na mwaka 1913 akachapisha kitabu kuhusu Pemba, kisiwa cha viungo. Hizo zilikuwa ramani za watawala na manahodha: zilieleza meli ipite wapi, barabara ipasuliwe wapi na mikarafuu iko wapi.

Hatua kubwa ya zama zetu ilianza mwaka 2016, kwa mpango wa kuipiga picha Zanzibar yote kwa droni. Kamisheni ya Ardhi Zanzibar, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walishirikiana, na vijana wa SUZA wakafunzwa kurusha droni nyepesi zenye mabawa, Unguja na Pemba. Pikseli moja ya picha zao ni kama sentimita 7 za ardhi. Kwa picha ya aina hiyo, jamvi la karafuu zilizoanikwa uani huonekana, na paa la bati hutofautiana na la makuti. Picha hizo zilitolewa kwa matumizi ya wazi, na mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali wakashindanishwa kuifundisha kompyuta itambue nyumba zilizokamilika, zilizo katika ujenzi na zilizo msingi mtupu.

Juu ya picha ipo OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha. Kwa Overpass Turbo unaiomba ikupe, tuseme, misikiti yote iliyochorwa wilaya ya Wete. Kwa uMap unatengeneza ramani yako juu yake na kuituma kwa simu. KoboToolbox na ODK hukusanya majibu ya dodoso pamoja na mahali yalipochukuliwa, hata pasipo na mtandao, na kuyapeleka ukipatikana. Datawrapper na kepler.gl hulipaka jedwali rangi. Google Earth Engine hukufungulia ghala la picha za satelaiti: za Landsat, ambayo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na za Sentinel-2, zilizoanza mwaka 2015, ambazo pikseli yake ni mita 10.

Takwimu nazo si haba. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi badala ya karatasi. Iliwakuta watu 272,091 katika Mkoa wa Kaskazini Pemba na 271,350 katika Mkoa wa Kusini Pemba, jumla 543,441. Miaka kumi nyuma walikuwa 406,848. Kisiwa kimeongeza zaidi ya theluthi moja ya watu wake katika muongo mmoja, na ardhi ni ileile. Kwa mpangaji wa skuli, maji au barabara, tarakimu hiyo ni kubwa, na swali linalofuata papo hapo ni: wameongezeka wapi?

Hilo ndilo swali ambalo zana hizi hudai kulijibu kwa dakika tano.

Majina yasiyokubaliana

Njia ya kawaida ya kuunganisha jedwali na ramani ni jina. Safu ya kwanza ya jedwali ina majina ya sehemu, faili la mipaka lina majina ya sehemu, zana inayalinganisha, yanayofanana inayafunga pamoja. Binadamu akiona "Chake Chake", "Chakechake", "Chake-Chake" na "Chake" anajua ni mji mmoja. Kompyuta inaona sehemu nne. Mkoa nao mara ni "Kaskazini Pemba", mara "Pemba Kaskazini", mara jina la Kiingereza. Wilaya ya Mkoani ina taabu yake peke yake: jina lake ni neno la kawaida, na programu inayosoma maandishi ya Kiswahili inaweza kuichukua kila sentensi yenye "mkoani Tanga" ikaipeleka kusini mwa Pemba.

Majina yanayojirudia ni mtego wa pili. Kinyasini iko Unguja na iko Pemba. Chwaka iko Unguja, penye ghuba yake, na iko Pemba upande wa Tumbe, penye magofu. Jedwali lisilotaja kisiwa huiacha zana ichague, na zana huchagua palipo maarufu zaidi. Palipo maarufu zaidi ni Unguja. Kwa hiyo kosa halitawanyiki sawasawa: Pemba ndiyo inayopokonywa.

Dawa ya majina ni misimbo, na misimbo ipo, ila nayo ina lahaja zake. Katika orodha ya kimataifa ya ISO, Kaskazini Pemba ni TZ-06 na Kusini Pemba ni TZ-10. Katika orodha za sensa ya Tanzania mikoa hiyohiyo ni 54 na 55. Atakayechanganya faili la huku na jedwali la kule bila ya kutazama atapata ramani safi, yenye rangi nzuri, na ya uongo.

Wanaoepuka majina na misimbo wakatumia latitudo na longitudo nao hawajasalimika. Chake Chake iko karibu na latitudo -5.25 na longitudo 39.77. Isahau alama ya kutoa, na mji utahamia kusini mwa Ethiopia. Zipindue nambari mbili hizo, kosa linalotokea kila siku kwa kuwa zana nyingine hutanguliza longitudo, na Chake Chake itaangukia Hispania, magharibi ya Madrid. Mstari usio na nambari yoyote husomwa kama sifuri na sifuri, na nukta yake huelea katika Ghuba ya Guinea. Ila makosa haya ni ya heri, kwa sababu yanapiga kelele. Mtu akiona kituo cha afya cha Pemba kiko Hispania, atasimama.

Lisilopiga kelele ni la shehia. Zana zilizotengenezwa kwa Tanzania Bara huzungumza kata na kijiji, na Zanzibar ina shehia, kila moja na sheha wake. Shehia hukatwa: iliyokuwa moja hufanywa mbili, jina la zamani hubakia kwa kipande kimoja, kipande kingine hupewa jina jipya. Chukua sasa idadi ya watu ya mwaka 2012 uifunge kwenye mipaka ya baadaye. Shehia mpya haitapata mtu hata mmoja, kwa kuwa jina lake halikuwepo mwaka huo. Ile ya zamani itabeba watu wa shehia mbili katika eneo la moja. Ukiendelea na kulinganisha na mwaka 2022, ramani itakuonesha shehia iliyokimbiwa na wakaazi na jirani yake iliyofurika ghafla, na kumbe hakuna aliyehama. Mwandishi wa habari angeweza kuandika makala nzima juu ya uhamaji huo. Mhandisi angeweza kupeleka bomba la maji.

Anayekwepa mtego huu kwa kupanda ngazi ya wilaya hulipa kwa namna nyingine. Wilaya ya Micheweni ikipakwa rangi moja, rangi hiyo huifunika Konde yenye udongo wa rutuba, Makangale iliyo ubavuni mwa msitu wa Ngezi, na Kiuyu ya upande wa mashariki ambako jembe hugonga jiwe la matumbawe. Wastani wa sehemu tatu hizo haukai katika hata moja.

Pwani isiyotulia

Mstari wa pwani ndio wa kwanza kuchorwa katika kila ramani ya kisiwa, na Pemba ndio wa kwanza kubishaniwa. Kanuni ya OpenStreetMap ni kwamba pwani ni pale maji ya bamvua yanapofikia yakijaa. Ni kanuni nzuri, na inatupa kisiwa kidogo. Maji yakitoka, hasa bamvua ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, hufunuka ardhi nyingine kabisa: wanawake hushuka na kamba zao za mwani, wengine hutafuta pweza na chaza, mitumbwi hukaa juu ya mchanga. Ardhi hiyo ina wenyewe, ina mipaka inayojulikana, na huzalisha pesa. Kwenye ramani ni bluu.

Zana za satelaiti huongeza utata wake. Picha ya leo imepigwa maji yakiwa yametoka, ya mwezi uliopita yakiwa yamejaa. Zana inayolinganisha tarehe mbili bila ya kuuliza hali ya maji inaweza kuripoti kwamba pwani imeliwa, au imekua, kwa makumi ya mita. Nahodha yeyote wa ngarawa angeuliza swali moja kabla ya kuiamini: siku hiyo mwezi ngapi? Hakuna kitufe cha swali hilo katika zana nyingi. Na masika, kuanzia Machi hadi Mei, mawingu hukifunika kisiwa, hivyo vidimbwi vya mvua, ambavyo wataalamu wa maradhi wangependa kuviona, hujificha katika majira yaleyale vinapojaa.

Kuhusu urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari, ramani nyingi za bure hutegemea kipimo cha rada kilichochukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour kwa siku 11 mwezi wa Februari 2000. Rada hiyo haikupenya majani yote. Penye mikoko, minazi na mikarafuu mikubwa, ilipima karibu na vilele, na ramani ikaichukua miti kuwa ni ardhi. Katika kisiwa ambacho Waarabu walikiita Al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, kosa hilo si dogo: ukanda wa chini wa pwani, wenye miti mingi, huonekana umeinuka salama juu ya maji. Mwaka 2018 taasisi ya Climate Central ilitoa kipimo kilichosahihishwa kwa ajili ya pwani, na watu wanaohesabiwa kuwa hatarini duniani wakaongezeka kwa wingi. Wakaazi wa Kisiwa Panza hawakuhitaji kipimo hicho ili wajue. Maji ya chumvi yalikwisha kuingia katika mashamba yao ya mpunga. Faida ya zana hapa ni kuwapa hoja mbele ya mwenye bajeti, mradi kipimo kilichomo ndani yake kiwe kimesahihishwa.

Nyumba zinazokisiwa, taa zinazodanganya

Mwaka 2021 Google ilitoa Open Buildings, hazina ya mamilioni ya nyumba za Afrika zilizochorwa na kompyuta kutoka picha za satelaiti. Kwa sehemu ambazo hazijapata kuchorwa na mtu, ni neema. Kwa Pemba ina mipaka inayotabirika. Nyumba ya udongo na makuti chini ya mwembe haionekani vizuri kutoka juu. Banda la ng'ombe lenye bati jipya linaonekana vizuri mno. Hesabu ya jumla inaweza kutoka karibu na ukweli huku kila kitongoji kikiwa na kosa lake, na wanaoelekea kuachwa nje ni wale wenye nyumba za makuti.

Juu ya nyumba hizo hukaa makadirio ya watu, kama ya WorldPop ya Chuo Kikuu cha Southampton, yanayoitawanya idadi ya sensa katika viraba vidogo kwa kufuata majengo, barabara na taa. Ni kazi ya maana kwa mwenye kupanga chanjo. Lakini mtu akipakia kirabani watu wa WorldPop, akalinganisha na nyumba, akafurahi kwamba vinakwenda pamoja, amekutana na mtu yuleyule aliyebadilisha kanzu. Makadirio yalitengenezwa kwa kuzifuata nyumba. Hayawezi tena kuwa shahidi wao.

Taa za usiku zina somo lao. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, wenye uwezo wa megawati 20, kwa msaada wa Norway. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Kwa mtafiti wa mbali, mabadiliko ya mwanga kwa miaka ni kipimo rahisi cha maendeleo. Lakini usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, wavuvi wa dagaa huwasha taa kali baharini kuwavuta samaki, na satelaiti za leo zinaweza kuiona mianga ya aina hiyo. Asiyejua hukuta mji pasipo na nchi kavu. Anayejua hupata kitu cha thamani zaidi ya mji: ushahidi wa wapi na lini uvuvi wa usiku unafanyika.

Pale mshono ulipokaza

Zipo kazi zilizofaulu, na zinastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu hazikufaulu kwa uzuri wa ramani.

Ya kwanza ni malaria. Tangu mwaka 2008 vituo vya afya vya Zanzibar vilianza kuripoti wagonjwa kwa simu za mkononi, na kuanzia mwaka 2012 ukaja mfumo uitwao Coconut Surveillance, unaotumiwa na mpango wa serikali wa kutokomeza malaria. Mgonjwa akithibitishwa kituoni, taarifa humfikia afisa wa ufuatiliaji wa wilaya. Afisa huenda kituoni, kisha nyumbani kwa mgonjwa, huwapima waliomo, huuliza nani amesafiri, na huchukua nukta ya mahali kwa kifaa chake. Ramani huja mwisho. Nukta yake imewekwa na mtu aliyesimama mlangoni. Katika nchi ambayo maambukizi yameshuka chini ya asilimia 1 ya watu, ramani ya wilaya nzima haisaidii kitu; kinachotakiwa ni kujua nyumba.

Ya pili ni kichocho. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, imeshiriki kwa miaka mingi katika utafiti wa maradhi hayo. Utafiti wa SchistoBreak, uliofanyika kaskazini mwa Pemba kati ya mwaka 2020 na 2024, ulizigawa shehia 20 kwa wingi wa maambukizi na kuzipa kila aina mkakati wake. Penye maambukizi machache, mtoto akikutwa na kichocho skuli, timu ilimfuata hadi nyumbani, na kutoka nyumbani hadi mtoni au bwawani anapooga na kufua, konokono wakatafutwa. Mtoto, nyumba, maji: nukta tatu zenye uhusiano unaojulikana kabla kompyuta haijawashwa.

Kazi zote mbili zimefanana kwa jambo moja. Aliyekusanya takwimu ndiye aliyekwenda mahali, kwa safari ileile. Jina, msimbo na nukta vilizaliwa pamoja, vikaandikwa kwa tarehe. Kinyume chake, ramani nyingi za haraka huunganisha vitu vilivyozaliwa miaka tofauti, katika ofisi tofauti, kwa sababu tofauti, na mwenye kuviunganisha hajakanyaga popote. Zana ni zilezile, na kinachozitenga ni safari.

Anayeonekana na anayeona

Usahihi huohuo una makali mengine. Nukta ya mgonjwa wa malaria inayomsaidia afisa kumfikia ndiyo inayoweza kumwambia jirani nani ni mgonjwa. Katika kitongoji cha nyumba kumi, kufuta jina na kubakisha nukta hakufichi chochote. Ndiyo maana ramani ya hadharani inafaa iwe ya shehia au kiraba, na ya nyumba ibaki kwa mwenye dhamana ya kwenda.

Ardhi ni nyeti zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iligawa mashamba ya eka tatu tatu kwa familia, na miaka imepita, warithi wamezidi. Kisha kuna jambo ambalo zana za ramani hazina kisanduku chake: kwetu mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Mkarafuu ni wa huyu, udongo uliouotesha ni wa yule. Zana huchora pembe nne, huuliza "mmiliki", na husubiri jina moja. Picha ya sentimita 7 itaonesha ua, njia na kivuli cha mti kwa uwazi wa kushangaza, na haitaonesha haki hata moja kati ya hizo. Mwenye kuichukua picha kama hati ameanzisha kesi.

Wavuvi nao wana ramani yao. Mvuvi hulinganisha mnazi wa ufukweni na kilima cha nyuma yake, na pale alama mbili zinapokutana na nyingine mbili anajua yuko juu ya mwamba wake. Ujuzi huo hupita kwa mtoto au kwa mwenzake wa chombo. Eneo la Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, lililotangazwa mwaka 2005 na linalojumuisha kisiwa cha Misali, haliwezi kusimamiwa vyema bila ya ujuzi wa wavuvi. Lakini mwamba ukishapakiwa kwenye ramani ya wazi, si wa mzee yule tena, ni wa kila mwenye boti la mashine na simu. Anayeombwa nukta zake ana haki ya kuuliza zitakaa wapi na nani atazifungua.

Swali la nani anaona lina upande wa bei pia. Ramani za picha hula bando haraka, maelekezo yake mengi ni ya Kiingereza, na nyingi zinataka skrini pana kuliko simu ya kawaida. Matokeo yake kisiwa huangaliwa zaidi kutoka London na Dar es Salaam kuliko kutoka Mkoani. Kwa hali ilivyo, zana zinazokusanya bila ya mtandao na kufungua faili dogo zina manufaa zaidi hapa kuliko zile zenye madoido.

Jaribio kabla ya kuamini

Basi zitumiwe? Ndiyo, na kwa wingi. Ila kila moja ijaribiwe kwanza mahali ambapo mtumiaji anapajua. Achague shehia aliyokulia, aifungue zana, atazame mambo machache: je, msikiti, skuli na njia ya kwenda pwani vipo mahali pake? Majina yameandikwa kama wenyewe wanavyoyatamka? Mipaka ni ya mwaka gani, na takwimu ni za mwaka gani? Mistari mingapi ya jedwali imekosa mwenzake kwenye ramani, na imepelekwa wapi? Zana nzuri huonesha ilichoshindwa kuunganisha. Ile inayokificha ichukuliwe kama mhasibu asiyetaka daftari lionwe.

Kwa taasisi, kazi inayolipa zaidi haina mvuto wa droni. Ni orodha moja ya shehia za Pemba, ya wazi, yenye msimbo usiobadilika, jina rasmi, majina mengine yanayotumika, tarehe ya kuanzishwa, na shehia iliyozaliwa kutoka ipi. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali na Kamisheni ya Ardhi ndio wenye nyenzo zake. Pamoja na orodha hiyo, kila anayechapisha takwimu za afya, elimu au kilimo angeandika msimbo kwenye safu ya kwanza, na mshono ungekaza bila ya kununua zana mpya hata moja. Vijana wa SUZA waliorusha droni wameshaonesha kwamba wa kuifanya kazi hiyo wapo.

Hadi orodha hiyo ipatikane, kazi yake inafanywa na sheha. Afisa akifika na kishikwambi akataja jina la mtu, na jina hilo lina watu wawili katika shehia, sheha hampeleki popote. Kwanza humwuliza: yupi?